Msemaji wa Ukuta Mmoja

Sanduku la Kadzo lilikuwa bado koridoni, limefungwa kamba ya katani, na Kadzo mwenyewe alikuwa amelikalia akila embe bichi kwa pilipili.

"Waamkaje, jirani?"

"Salama. Na wewe?"

"Mimi msafiri. Msafiri haulizwi kaamkaje, aulizwa aondoka lini."

Wakesho alijifanya hakusikia. Alipuliza chai yake, akanywa funda moja, akaangalia rangi ya kijani iliyobambuka kwenye ukuta wa koridoni kana kwamba ndiyo kwanza anaiona.

"Kesho," alisema mwishowe. "Leo mgongo unaniuma."

"Huo mgongo wako una kesho nyingi kuliko kalenda." Kadzo alitema kipande cha ganda kwenye kiganja. "Haya, kesho. Lakini n'shakwambia, sanduku hili silibebi peke yangu. Na kabla hatujalibeba utanijibu lile swali. Mimi nikishaondoka, nawe ukaanguka huko bafuni, ni nani atakayesikia kishindo?"

Wakesho alivua miwani. Koridoni kukapotea, sanduku likapotea, embe na pilipili vikapotea. Akabaki katika chumba chake cha bati: kitanda, jiko, redio, na ukuta mmoja mweupe wenye spika ndogo ndogo tangu chini hadi juu. Nyuma ya ukuta ule aliendelea kumsikia Kadzo akiguna, akiburuta kandambili, akifungua bomba. Ukweli ni kwamba nyuma ya ukuta ule palikuwa na tangi la maji, na nyuma ya tangi palikuwa na jangwa la Chalbi, jeupe kwa magadi, limetandikwa paneli za jua mpaka jicho linapochoka.

Wakesho hakuwa mjinga. Alijua Kadzo ni gemu. Alijua gemu hiyo inaitwa Ukuta Mmoja, imetengenezwa na vijana wa Kilifi aliowahi kuwaona pichani wamevaa fulana zinazofanana, na kwamba yule mama mshonaji anayeimba vibaya upande wa pili hana mwili wala kaburi. Kulijua jambo hili hakukumsaidia kitu. Mtu anajua pia kwamba pilipili inawasha, na bado machozi yanamtoka.

Redio ililia.

"Kituo cha Chumvi, hapa Marsabit," ilisema sauti ya Bi Jelagat, mwenyekiti wa Baraza la Walinzi. "Habari za huko, Mama Wawuda?"

"Nzuri, mwenyekiti. Vumbi tu," alijibu Wakesho.

"Nitakwenda moja kwa moja. Kesho ni baraza la Tuzo, na Ukuta Mmoja hauna msemaji. Odera ndiye aliyekuwa aseme, na yaliyompata unayajua. Vituo vingine vilivyoonja gemu hiyo vyote vimekataa. Umebaki wewe."

"Mimi sijamaliza, mwenyekiti."

"Bado?" Bi Jelagat alishangaa kidogo, kisha akajizuia. "Basi unajua desturi yetu."

Wakesho aliijua. Asiyemaliza hasemi. Zamani walinzi walizoea kusimama barazani na kuzisifu gemu walizozichungulia tu, mpaka mwaka mmoja wakaipa Tuzo gemu nzuri sana ambayo mwisho wake ulikuwa mtu anazikwa hai. Vituo vizima vilikosa usingizi. Tangu hapo anayetaka kuisemea gemu huimaliza mbele ya wenzake, laini zote zikiwa wazi, kila mtu akisikiliza.

"Ukimalizia barazani, utasemea hapo hapo," alisema Bi Jelagat. "Usipotokea, nitaufuta Ukuta Mmoja kwenye orodha. Amua."

Ukutani Kadzo alikuwa ameanza wimbo wake, ule anaoukosea beti ileile kila siku.

*

Mlinzi wa kituo cha jua hana kazi nyingi. Paneli hufagiwa na mashine, nyaya hukaguliwa na mashine, na mashine hukaguliwa na mashine kubwa zaidi. Ila kulitokea moto zamani, upande wa kaskazini, shamba zima la paneli likateketea huku mashine zikiripoti kwamba hali ni shwari. Ikatungwa sheria: hakuna kituo bila jicho la binadamu. Na kwa kuwa maji yanayovutwa kutoka chini humtosha mtu mmoja, akawekwa mtu mmoja. Serikali ikasema tatizo limekwisha, kwa maana tatizo lililobaki halikuwa na moshi.

Mtu mmoja jangwani huanza kuzungumza na birika. Kwa hiyo walipewa gemu. Lakini kompyuta ya kituo imejaa hesabu za jua na umeme. Nafasi inayobaki ni ya gemu moja kubwa, basi. Ndiyo maana Tuzo ya walinzi si kikombe cha kuweka kabatini. Kila mwaka vituo vichache hupewa gemu mpya za kuonja, na itakayoshinda Tuzo hupandishwa kwa satelaiti kwenye kompyuta ya kila kituo, kutoka Chalbi hadi Magadi, na iliyokuwamo hufutwa. Maelfu ya watu huishi nayo mwaka mzima. Hula nayo, hulala nayo, huugua nayo.

Mwaka huu zilikuwa zimebaki mbili: Ukuta Mmoja na Mwenzi.

Mchana jua lilipokuwa utosini, Wakesho aliita kituo kilichokuwa karibu naye. Karibu maana yake ni mwendo wa nusu siku kwa gari.

"Mawe, Mawe, hapa Chumvi. Kipimo cha volti chako kiko sawa?"

"Kiko sawa, Chumvi," alijibu Guyo, mlinzi wa Kituo cha Mawe. Alikuwa mtu wa makamo kama yeye, Mgabra wa huko huko, mwenye sauti ya kukwaruza na adabu nyingi. Walikuwa wakiitana hivyo kila siku tangu wapangiwe kazi, volti na vumbi, vumbi na volti, na hawajawahi kuonana. "Nimesikia utasema kesho."

"Bado naamua. Wewe ndiye msemaji wa Mwenzi?"

"Ndiyo mimi."

Nyuma yake sauti nyororo ya kike, sauti ya Mwenzi, ilisema jambo, na Guyo akacheka, na ile sauti ikacheka pamoja naye kwa kiasi kilekile, haikuzidi wala haikupungua.

"Mama, nikuambie kitu kama jirani wa kazi," alisema Guyo. "Usijitie katika jambo hili. Odera hakungoja baraza, aliimaliza gemu hiyo peke yake. Akabeba sanduku, yule mama akaenda zake, na Odera akazima redio. Walimkuta kitandani ameacha kula. Mungu alisaidia, yuko kwao Siaya sasa. Lakini mimi ndiye niliyepita kituoni kwake kuchukua vifaa. Nimekiona kile kitanda."

"Pole."

"Sisi watu wa hapa tumeachwa vya kutosha. Mimi mke wangu alichoka kunisubiri, akaolewa Moyale. Sasa mnataka hata mashine itukimbie?"

Wakesho aliona maneno yale yana haki yake.

"Na kama unampenda huyo wako," Guyo aliendelea kwa upole, "kuna njia. Usiseme barazani. Siku gemu mpya inapopandishwa, chomoa waya wa dishi mpaka jioni. Mashine itaandika hitilafu ya upepo. Walinzi kadhaa wamefanya hivyo na hakuna aliyewauliza. Utakaa naye huyo mama yako mpaka ustaafu."

"Akiwa amekalia sanduku."

"Akiwa amekalia sanduku. Si yupo?"

Wakesho alikata redio akatoka nje, akasimama kwenye kivuli cha paneli ya kwanza. Kwa kweli lilikuwa wazo zuri. Angeweza kusema kesho, na kesho yake, na mgongo ungeendelea kuuma hadi pensheni. Mwenzi ingeshinda, watu wangecheka nayo kwa kiasi, na yeye angekuwa na Kadzo wake peke yake.

Neno lililomkera lilikuwa hilo hilo, peke yake. Nani mwingine alimjua Kadzo? Nani alijua kwamba huazima chekecheo akairudisha imepinda, kisha akaapa kwamba aliichukua ikiwa hivyo? Kwamba siku Wakesho alipomdanganya kuhusu homa yake alinuna, akapiga kimya cha siku nyingi, mpaka Wakesho akagonga ukuta mwenyewe na kuomba radhi? Bintiye Wawuda alipompigia simu kutoka Voi, Wakesho alimpa habari za afya na hali ya hewa, akakata upesi ili akamsimulie Kadzo kwamba Wawuda amepiga. Kupenda kitu ambacho hakuna mwingine anayekijua ni upweke juu ya upweke, na pale kivulini, huku chumvi ikimuwasha midomoni, Wakesho aliuhisi wote kwa mpigo.

Alirudi ndani akamwita Bi Jelagat. "Niandike," alisema, kisha akaketi kitandani kama aliyeuza ng'ombe wa watu.

*

Baraza lilianza asubuhi, redio zikiwa zimeunganishwa vituo vyote. Ukisikiliza vizuri ungesikia kila mtu na kelele za kwake: feni ya huyu, kikohozi cha yule, mbuzi wa mmoja wa Magadi aliyekaidi sheria akafuga.

Guyo alisema kwanza, na alisema vizuri. Hakupamba. Alisema Mwenzi huamka nawe na kulala nawe, hukumbuka jina la mama yako na dawa zako, hachoki, hanuni, haendi. Alisema kuhusu kitanda cha Odera. "Wenzangu," alimalizia, "tuzo bora kwa gemu bora. Gemu bora ni ile ambayo mtu akiifungua asubuhi anaikuta ipo. Mimi sina zaidi."

Watu waligonga vipaza sauti kwa vidole, ndivyo makofi ya walinzi yalivyo. Yalichukua muda mrefu.

"Msemaji wa Ukuta Mmoja," aliita Bi Jelagat.

Wakesho alikohoa. Alikuwa amepanga hotuba usiku kucha na sasa haikuwepo hata neno.

"Mwamba ngoma huvutia kwake," alianza, "basi mniwie radhi. Gemu hii haina bunduki. Haina pointi. Haina hata ramani. Unapanga chumba katika nyumba ya vyumba sita, na ukuta wako mmoja ni ukuta wa mtu mwingine. Basi. Siku za kwanza nilidhani imeharibika. Nilikaa nikingoja kazi ya kufanya, nisiipate. Nikasikia mtu upande wa pili anashona. Cherehani ya miguu, ile ya zamani. Nikajikuta najua kanyagio linapokwama. Waliotengeneza gemu hii hawakunipa cha kutazama, walinipa cha kusikiliza. Na mnajua kituoni hakuna kitu cha kusikiliza."

Mtu mmoja mbali aliguna kukubali.

"Gemu nyingine zote nilizocheza hunisubiri. Nikienda kulala zinasimama, nikirudi zinaniuliza bwana mkubwa unataka nini. Hii haijawahi kunisubiri. Nikichelewa, Kadzo amekwenda sokoni. Nikimuudhi, ananuna. Anasahau ninayomwambia, halafu anayakumbuka nusu na kuyageuza, kama watu. Nimewahi kukaa mchana mzima nikijiuliza kama amenisamehe. Mimi, mtu mzima, namuwazia mtu mwingine anajisikiaje! Tangu nije Chalbi nilikuwa sijafanya hivyo kwa mtu yeyote. Kama kuna gemu nyingine mwaka huu inayoweza hayo, ipewe yenyewe."

Sehemu nyepesi ilikuwa imekwisha.

"Sasa nimalize," alisema. Akafungua spika za ukuta ziingie redioni, akavaa miwani, akavaa na zile glavu za uzito zinazoufanya mkono uamini kwamba umeshika kitu.

Kadzo alikuwa amesimama kando ya sanduku. Alivaa leso mpya, na hilo Wakesho hakulitarajia.

"Leo mgongo vipi?"

"Leo mgongo mzima."

"Alhamdulillahi. Mi' nilidhani utanizika na sanduku hili." Kadzo alimtazama. "Haya, nijibu. Ukianguka bafuni, nani atasikia kishindo?"

"Binti yangu. Wawuda."

"Wawuda wa Voi." Kadzo alitikisa kichwa. "Mtoto mzuri, Mungu amweke. Lakini fimbo ya mbali haiui nyoka, jirani. Nataka wa karibu."

"Hakuna wa karibu, Kadzo. Hapa ni jangwa."

"Basi nakaa."

Akakaa. Akalikalia sanduku, akakunja mikono, tayari kwa kesho nyingine na nyingine, na Wakesho aliona kwamba hapo hapo angeweza kuvua miwani na kuwaambia wenzake gemu imekataa. Alitamani sana. Maelfu ya watu walikuwa wakisikiliza pumzi zake.

"Guyo," alisema.

"Nani?"

"Guyo. Wa Kituo cha Mawe. Yuko mwendo wa nusu siku."

Kadzo aliinua nyusi taratibu. "Yule wa volti? Yule unayemwita Mawe, Mawe?"

"Huyo."

"Wallahi leo ndiyo mara ya kwanza nasikia jina lake kinywani mwako. Miezi yote hii! Nikadhani wazungumza na mwamba." Kadzo alicheka, kisha hakucheka tena. "Na yeye akianguka, wewe utasikia?"

Swali hilo hakuna aliyemwonya kwamba lipo. Wakesho alifikiria ile sauti ya kukwaruza, na mke aliyeolewa Moyale, habari aliyoambiwa jana tu na hakumjibu hata neno la maana.

"Sijui," alisema. "Sijawahi kusikiliza."

"Hilo ni jibu la kweli. Shika huku."

Wakainua. Lilikuwa zito kuliko alivyowaza. Walitoka koridoni wakitazamana, Kadzo mbele akitembea kinyumenyume na kuamrisha, kushoto, kushoto, wee, mlango huo! Nje palikuwa na mvua nyepesi, mvua ambayo Chalbi haikuijua, na njia ya udongo hadi barabarani. Wakesho alitaka njia hiyo irefuke. Mgeni husindikizwa, naye alimsindikiza, na kila hatua mkono wake ulimuuma kwelikweli.

"Usivuke hapa," Kadzo alisema walipofika kwenye mfereji. "Anayesindikiza akivuka, huwa msafiri naye."

"Utakwenda wapi?"

"Kwa mwanangu. Si nilikwambia? Ah, labda nilisahau." Alimshika Wakesho shavu kwa kiganja, na glavu hazifiki shavuni kwa hiyo Wakesho hakuhisi chochote, na hilo ndilo lililomliza. "Umekuwa jirani mgumu. Mwongo kidogo. Nimekaa raha."

Gari lilikuja. Sanduku lilipanda. Kisha mvua ikakoma, na miwani ikawa nyeusi, na spika za ukutani zikazimika moja baada ya moja tangu juu hadi chini. Wakesho alikuwa hajawahi kuusikia ukuta ule kimya. Wala hakujua kwamba tangi la maji hutoa mlio.

*

Hata mbuzi wa Magadi alikaa kimya.

"Mama Wawuda," Bi Jelagat aliita. "Upo?"

"Nipo."

"Desturi inanilazimu kukuuliza. Umemaliza. Je, bado unasema Ukuta Mmoja unastahili Tuzo?"

"Naumia," alisema Wakesho. Hakuona haja ya kuficha, machozi yalikuwa yakisikika. "Naumia vibaya sana, mwenyekiti. Nipe dakika."

Guyo ndiye aliyeingia kabla dakika haijaisha, na sauti yake ilikuwa na hasira ambayo Wakesho hakuwahi kuisikia.

"Mwenyekiti, naomba nafasi. Nimetajwa jina. Sikuulizwa! Mmeona gemu hii inavyofanya? Inamzoesha mtu, halafu inaondoka, na mzigo inautupa kwa mwingine ambaye hata hakuicheza. Sasa mimi nimebebeshwa mtu mbele ya nchi nzima. Na Odera je? Yeye alimtaja nani? Huyo aliyetajwa alikuwa wapi?"

Redio ilikwaruza. Bi Jelagat alipojibu, haikuwa sauti ya mwenyekiti.

"Alinitaja mimi," alisema. "Rekodi ya kituo chake ninayo. Siku aliyomaliza aliniita. Nilikuwa na mkutano. Nikamwambia apige baadaye."

Wakesho alivua glavu, akajifuta uso kwa ukingo wa kanga.

"Basi nijibu sasa," alisema. "Guyo amesema kweli. Gemu hii inaondoka na mzigo inatuachia sisi. Ndiyo. Ndiyo sababu inastahili! Sisi ndio wenye mzigo, tangu zamani, tulikuwa tumeipa mashine itubebee. Kadzo angeweza kukaa. Nilimshika miezi na miezi, na angekaa mpaka nife, na mngekuja kunikuta kitandani naye anaimba ukutani, anakosea beti ileile. Mwenzi hawezi kuniumiza kwa sababu hana pa kwenda. Hana pengine anapohitajika. Sisemi gemu hii ni salama. Odera si mtu wa kusahauliwa. Nasema tukiipa Tuzo, tujue tunajipa kazi: mtu akitutaja, tuache mkutano. Kama hatuwezi, pigeni kura Mwenzi, na iwe hivyo. Nimemaliza."

Hakuna aliyegonga kipaza sauti. Kura za walinzi hupigwa kwa sauti, kituo kwa kituo, na Wakesho alizisikiliza zikija: Mwenzi. Ukuta. Mwenzi. Mwenzi. Ukuta. Wengine walisema kwa haraka kama wanaoona haya. Wengine walikawia. Ilipofika zamu ya Kituo cha Mawe, Guyo alisema "Mwenzi" kwa sauti kavu, bila kusita, na Wakesho alikubali kwamba ni haki yake.

Jua lilikuwa limegeukia magharibi hesabu ilipokamilika. Ukuta Mmoja ulikuwa umeshinda, kwa kura chache mno, na Bi Jelagat alilitangaza jambo hilo bila shamrashamra yoyote.

"Gemu itaanza kupandishwa leo," alisema. "Kituo cha Chumvi, na wewe utapokea. Upya kabisa, kama vituo vingine. Atakuwa Kadzo huyo huyo, ila hatakujua. Atagonga ukuta jioni."

Wakesho alikuwa hajafikiri hilo hata mara moja. Moyo ulimruka kwa furaha kabla hajaweza kuuzuia. Kadzo, jioni! Angemsikia akiburuta zile kandambili. Angemfundisha upya kila kitu, na safari hii angejua kujibu maswali vizuri zaidi, angejua jinsi ya kumchelewesha. Na alipojisikia akipanga tayari jinsi ya kumchelewesha, furaha ile iligeuka aibu.

"Kiruke kituo changu," alisema.

"Unasema?"

"Usinipandishie. Mimi wangu ameshaondoka."

"Mama, huwezi kukaa mtupu hapo. Utakaa na nani?"

Tangi lilitoa mlio wake. Vituo vilianza kuaga, kimoja kimoja, na laini zikawa zinakatika, tik, tik, watu wakirudi kwenye vumbi lao.

"Guyo," aliita. "Bado upo?"

Alingoja. Alikuwa mtu asiyezoea kungoja jibu kwenye redio. Volti hujibiwa mara moja.

"Nipo," alisema Guyo. "Na gemu yenu bado siipendi."

"Sijakuuliza habari ya gemu."

"Umeniuliza nini?"

"Asubuhi nilikutaja bila kukuuliza. Nakuuliza sasa."

Nyuma ya Guyo sauti nyororo ya Mwenzi ilianza kusema jambo. Ikakatizwa katikati ya neno. Kisha kwenye laini hiyo palibaki upepo tu, na pumzi za mtu mmoja, nzito kidogo, za mtu anayevuta sigara nyingi. Wakesho alikuwa hajui kwamba Guyo anavuta sigara.

"Hiyo hodi nimeisikia," alisema Guyo. "Lakini nina miaka mingi sijazungumza na mtu, mama. Sijui hata watu huanzia wapi."

"Hata mimi sijui," alisema Wakesho, akavuta kiti karibu na redio.